Diaca Kuna Meli?

Wadogo zangu wa meza na koleo,

Mmeniomba mara nyingi niandike nilivyojifunza kutengeneza redio bila mwalimu. Kila mara nimekaa, nimeandika ukurasa mmoja, kisha nimeuchana kwa sababu mstari wa tatu ulikuwa umepinda. Safari hii sichani kitu. Nimestaafu mapema, nikiwa na meno yangu yote na nywele nyeusi, kwa sababu simu za siku hizi zimefungwa kwa gundi, na mimi silali nikifungua kitu kisichoweza kufungika tena kama kilivyokuwa. Ila kuna redio moja nataka muijue kabla hamjarithi meza zenu. Ilikuwa ya Bi Zaituna. Miaka imepita, lakini nikiikumbuka siku ile ya mkutano masikio yangu huwaka kama nimezabwa kofi sasa hivi.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa namna gani. Nilipoanza, nilikuwa nachora kila waya kwenye karatasi ya mfuko wa saruji kabla sijaugusa, na kila skrubu naiweka juu ya mchoro, mahali pake. Siku moja nilimrudishia mteja redio yake, akaenda zake kwao Mbau. Jioni nikakuta skrubu moja imebaki kwenye mkeka. Skrubu fupi, nyembamba kama mguu wa mende. Siku mbili sikula vizuri. Siku ya tatu nikapanda gari, kisha nikatembea, mpaka kwa yule bwana.

"Fundi Amade! Kuna nini?"

"Nimekuletea skrubu yako."

Akanitazama mkononi, akatazama nyuma yangu kama kuna mzigo mwingine. "Umekuja na skrubu tu?"

"Skrubu tu."

"Redio inaimba vizuri, ndugu yangu."

"Najua. Lakini ni yako."

Akamwita mkewe aje anione. Nilipewa muhogo na samaki, nikaifunga ile skrubu mbele yao, nikarudi nyumbani mwepesi. Kwa muda mrefu watu walinitania kwa safari ile. Ikumbukeni, maana nitairudia.

Redio za pwani hazifi kwa umeme, zinakufa kwa chumvi. Kabla hujashika bisibisi, nusa. Iliyoungua ina harufu yake, na iliyolala kwenye ngalawa ina yake. Vichwa vya betri vikiota kijani, sugua kwa ndimu na mswaki wa zamani, kausha kivulini, usikaushe juani kama nilivyofanya mimi nikayeyusha spika ya watu. Na ukikuta mayai ya mjusi ndani, yatoe kabla mteja hajafika, usimwambie. Atayasimulia miaka kumi na jina lako litakuwa humo.

Hayo niliyajua. Redio ya satelaiti sikuijua, wala hapa kwetu hakuna aliyeijua.

Bi Zaituna alikuwa jirani yetu, mjane, mkubwa wa wanawake wanaokwenda mwambani maji yakipwa kutafuta chaza na pweza. Mwanawe baharia alimletea redio ile kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa ndogo, ya kubeba, na antena yake haikuwa fimbo. Ilikuwa kibao bapa, ukubwa wa daftari la shule, chenye waya wake. Kijana aliiacha akaondoka bila kumweleza mama yake kinakaaje. Bi Zaituna akakielekeza baharini, kwa sababu kwa akili yake kila kizuri kimefika kwetu kutoka huko. Siku tatu hakuna sauti. Akaniletea.

Nilipindua pipa uani kwake, nikakiweka kibao juu yake, nikakizungusha upana wa kidole kimoja kwa mara moja, huku nikiangalia vistari vya nguvu ya mawimbi kwenye kioo. Nilianza baada ya chai ya asubuhi. Alasiri vistari vikapanda: upande jua linakozama, ukipinda kidogo kuelekea kaskazini, na uso wa kibao ukitazama juu sana, kama mtu anayetazama nazi itakayomwangukia. Sauti ya mwanamke ikatoka inasoma habari, safi, hata pumzi yake unaisikia.

Wanawake waliokuwa wanabandua chaza walisimamisha visu.

"Mbona haikohoi?" akauliza mmoja.

Kweli, redio zetu zote zilikuwa zinakohoa. Nilichora alama za chaki kulizunguka lile pipa, na tangu siku ile nikawa engenheiro. Neno hilo la Kireno, yaani mhandisi, walianza kwa dhihaka, kisha wakalizoea, na mimi, Mungu anisamehe, nikalizoea zaidi yao. Kila alasiri ua wa Bi Zaituna ulijaa. Walisikiliza habari kwa Kiswahili na kwa Kireno, walisikiliza Kurani, taarabu, mpira. Na humo humo, kwenye redio ile, tulisikia kwa mara ya kwanza kwamba chini ya bahari yetu inatafutwa gesi. Bahari tuliyoiona kwa macho kutoka pale uani, tukaelezwa habari zake na mtu aliyekaa Ulaya.

Haikupita muda meli ya kutafuta hiyo gesi ikaja. Kubwa, ya polepole, inavuta kamba ndefu nyuma yake, na boti ndogo inaizunguka kuwafukuza watu. Boti ile ikawa inakuja mpaka mwambani. Sasa mnajua mwamba wetu unaonekana vizuri siku za bamvua tu, maji yanapokupwa sana, siku chache kila nusu ya mwezi. Mwanamke akifukuzwa siku hizo, amefukuzwa mezani kwake. Bamvua ya kwanza walifukuzwa. Ya pili pia.

Ni katikati ya mambo hayo redio ilipokaa kimya.

Aliniletea asubuhi, imefungwa kwenye kanga. "Amade mwanangu, jana ilikuwa inasema, leo haisemi."

Nikapima betri: nzima. Kioo kinawaka. Antena kwenye alama zake za chaki. Vistari hakuna hata kimoja. Nikaifungua. Nikasafisha, nikachomelea upya mahali waya wa antena unapoingia, nikafunga. Kimya. Nikafungua tena. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikonda. Watu wakipita mezani wanauliza, "Engenheiro, vipi?" na mimi nasema, "Bado kidogo," na hiyo kidogo sikuijua ni ya nini. Maneno ya kweli yalikuwa haya: sijui. Nilikuwa sijawahi kuyasema mezani pangu. Niliamini mteja akiyasikia mara moja atayasikia daima.

Kulikuwa na mvuvi mmoja, Musa, mtu wa masihara, nyavu zake zilikatwa na kamba za meli ile. Akasimama mezani, akaitazama redio iliyolala tumbo wazi, akasema, "Labda meli imeimeza sauti, kama ilivyomeza wavu wangu wa jarife."

Nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Inawezekana. Ile meli ina mitambo mikubwa."

Basi. Nilisema inawezekana. Adhuhuri ilikuwa, "Fundi kasema." Ijumaa baada ya sala ilikuwa, "Fundi kapima." Bi Zaituna akaja mwenyewe kuniuliza, maana alikuwa mtu wa kuuliza.

"Umepima, Amade?"

"Nimepima."

Nilikuwa nimepima betri.

Wakati ule ulitangazwa mkutano. Maafisa wa serikali kutoka mjini watakuja na watu wa meli kusikiliza wananchi. Wanawake wa mwambani wakaandika barua, na Bi Zaituna akachaguliwa kuisema. Ombi lao lilikuwa moja, dogo, linaloeleweka: waachiwe mwamba siku za bamvua. Siku nyingine zote meli ifanye itakavyo. Wakaweka alama za vidole kwa wino wa mwalimu wa shule, wengi hata karatasi ikaongezwa.

"Nitaanza na redio," akaniambia Bi Zaituna.

"Kwa nini redio?"

"Nyavu watasema zimekatwa na mawe. Mwambani watasema tulifukuzwa kwa usalama wetu. Hayo ni maneno yetu dhidi ya yao. Lakini redio ina fundi aliyepima. Wakikubali hilo, mengine watayakubali."

Nikamwambia vizuri. Moyo wangu ulijaa, wadogo zangu. Ushahidi wa kijiji kizima umekaa juu ya neno langu, na mimi nikafurahi.

Siku mbili kabla ya mkutano nilikwenda kununua risasi ya kuchomelea. Wakati wa kurudi nilibadilisha gari Awasse, pale njiapanda, na kwenye kivuli cha kibanda nikamkuta Mwalimu Tomás, mzee wa Kimakonde, mstaafu, anayelima Diaca. Yeye pia alikuwa na redio kama ya Bi Zaituna, pacha wake. Niliwahi kumwekea kibao chake kwenye paa la ghala la mihogo. Alikuwa amekalia gunia la korosho.

"Ah, fundi! Nilikuwa nakutafuta. Redio yangu imekufa."

"Imekufaje?"

"Inawaka, haisemi. Vile vistari vyako hakuna. Nimebadilisha betri mara mbili, pilha mpya kabisa."

Ulikuwa ugonjwa ule ule wa redio ya Bi Zaituna. Lakini ulimi wangu ulishazoea. Nikasema, "Ni meli ile, Mwalimu. Mitambo yake."

Mzee akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyejumlisha vibaya. Hakucheka. Aliuliza kwa upole kabisa:

"Meli gani, mwanangu? Diaca kuna meli?"

Diaca kuna mihogo. Kuna mahindi, kuna korosho. Bahari iko mbali, huwezi hata kuinusa. Kila fundi analijua hili, hata mtoto wa ufundi: kifaa kimoja kikinyamaza, tafuta ndugu yake, vilinganishe. Ndugu yake nilimjua. Nilijua hata paa alilokaa. Wiki zote zile sikwenda Diaca kumwangalia, mimi niliyekwenda Mbau kwa ajili ya skrubu. Na sababu ninaijua, nawaambia leo: niliogopa nitakachokikuta.

Nikarudi kijijini na risasi yangu mfukoni. Kutoka barabarani hadi nyumba ya Bi Zaituna ni hatua chache. Alikuwa uani, anafanya mazoezi ya hotuba yake mbele ya wenzake, na wao wanampigia vigelegele. Aliponiona akasema, "Huyo shahidi wangu!" Wote wakageuka.

Nikapunga mkono. Nikapita.

Usimulizi wangu ungekuwa mzuri zaidi kama ningesema nilitaka kusema nikakosa nafasi. Nafasi nilikuwa nayo siku nzima ya kesho yake. Nilikaa ndani nikipanga skrubu kwa urefu.

Mkutano ulifanyika shuleni. Madawati yametolewa nje, watu wamekaa kwa safu, wageni mbele kwenye viti vya plastiki. Mimi nilikaa safu ya nne, na mfuko wa kipimio miguuni, kwa sababu Bi Zaituna aliniambia nije nacho ili nikiitwa nisimame nacho. Aliposimama alikuwa amevaa kanga mpya.

"Waheshimiwa, mimi nina redio inayosikia kutoka mbinguni. Meli yenu ilipofika, ilinyamaza. Fundi wetu amepima, amesema ni mitambo yenu. Kama mnaweza kuzima redio ya mjane bila kumuuliza, basi na mengine nitakayoyasema mtayaelewa."

Watu wakapiga makofi. Afisa akamgeukia kijana mmoja mwenye shati jeupe, mtu wa vyombo vya mawasiliano. Kijana akasimama. Alikuwa na adabu, na hilo ndilo lililoniua.

"Mama, shikamoo. Redio yako ni ile yenye antena ya kibao?"

"Marahaba. Ndiyo hiyo."

"Pole sana, Mama. Redio zile zimezimwa na wenyewe waliokuwa wanarusha matangazo kwa satelaiti. Biashara yao imefungwa. Hata ya mjomba wangu Maputo imenyamaza. Hakuna mahali inaposikika tena. Haihusiani na meli."

Ilichukua muda mfupi kuwaingia watu. Kisha mtu nyuma akasema kwa sauti, "Hata Maputo kuna meli yetu!" na shule nzima ikalipuka. Walicheka maafisa, walicheka watoto madirishani, walicheka wavuvi. Musa mwenyewe, mwenye nyavu zilizokatwa, alicheka mpaka akajishika mbavu. Bi Zaituna alibaki amesimama na karatasi yake ya alama za vidole. Akafungua mdomo aendelee na habari za mwamba.

"Kuna jingine, waheshimiwa, siku za bamvua..."

Afisa alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko. "Tumekusikia, Mama, tumekusikia. Tumpe nafasi mwingine."

Akakaa. Nawaapia, sikuwahi kuona mtu akikaa polepole namna ile. Na baada yake kila mwanamke aliyenyoosha mkono alipoanza, mtu alinong'ona "redio," na kicheko kikapita tena. Bamvua haikutajwa mpaka mwisho. Mimi nilibaki nimekaa. Nilisikia kila kitu na sikuweza kuamini kwamba hayo yote yametoka kwenye neno langu moja, lile nililomjibu Musa nikiwa nimechoka.

Kesho yake asubuhi nilimpelekea redio yake. Alikuwa anabandua chaza, peke yake.

"Bi Zaituna, nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua nini?"

"Kwamba si meli."

Kisu kiliendelea. "Tangu lini?"

"Tangu nilipokwenda Awasse. Mwalimu wa Diaca aliniambia yake imenyamaza pia."

"Na mkutano ulikuwa jana."

"Ndiyo."

Akaweka chaza chini. "Ulikaa safu ya ngapi?"

"Ya nne."

"Nilikuona. Walipocheka nilikutazama wewe. Nikajisemea, maskini Amade, ameshtuka kama mimi."

Hakusema zaidi kuhusu hilo, siku ile wala siku nyingine. Akanawa mikono, akachukua karatasi mpya na kidau cha wino, akasema, "Twende." Tulizunguka nyumba zote za wanawake wa mwambani. Katika kila mlango mimi ndiye niliyesema, kwa sauti ya kusikika: fundi hakupima, fundi alidanganya, Bi Zaituna alisema kweli aliyoambiwa. Kisha yeye anatoa karatasi: barua mpya, haina redio ndani yake, ina mwamba peke yake.

Wengi walikataa. Hawakunitukana, ningependa wangenitukana. Mmoja, mama wa watoto wadogo, aliuangalia wino, akarudisha mkono ndani ya kanga. "Mwanangu, mimi nimechekwa mara moja. Inanitosha."

Barua ya kwanza ilijaza karatasi mbili. Ya pili ilikuwa na alama saba. Tuliipeleka mjini, ikapokelewa, ikagongwa muhuri. Jibu sikulisikia. Bamvua iliyofuata walifukuzwa, na ya baada yake pia, mpaka meli ilipomaliza kazi zake ikaondoka yenyewe. Kama karatasi mbili zingetosha, sijui. Kijana yule wa shati jeupe alionekana mtu wa kusikia. Hilo ndilo ninalolala nalo.

Tangu hapo kila kifaa kilichofika mezani nilikifungia kipande cha karatasi kwa uzi, nimeandika nilichopima, ninachodhani, na nisichojua. Wateja walilalamika mwanzoni. Mmoja aliniambia, "Mimi nimekuja kwa fundi, wewe unanipa mtihani." Wengine walihama. Waliobaki walibaki mpaka nilipofunga meza. Fanyeni hivyo. Na mkiwa na kifaa kimoja kigonjwa, tafuteni ndugu yake popote alipo, hata kama ni Diaca, hata kama nauli inauma, na muende kabla hamjasema neno.

Bi Zaituna alikaa muda mrefu bila kuniletea kazi, na sikumlaumu. Redio ile aliigeuza kizuizi cha mlango wake. Kisha mwanawe akampa simu, ikaingia maji ya chumvi mwambani, na asubuhi moja nikamwona anakuja nayo imefungwa kwenye kanga, kama zamani. Akaiweka mezani. Niliponyoosha mkono kuichukua, akaifunika kwa kiganja chake chenye makovu ya chaza.

"Kabla hujafungua," akasema, "niambie usichokijua."

Nikamwambia. Sijui maji yamefika wapi. Sijui kama majina ya watu yamo bado. Sijui kama itapona, na nikiifungua huenda isifungike tena kama ilivyokuwa. Nilihesabu mpaka nikaishiwa, na yeye alinisikiliza hadi la mwisho. Kisha akavuta kigoda, akaketi, akaondoa kiganja chake juu ya simu.

"Haya," akasema. "Sasa fungua."